Picha Thelathini na Sita za Mama

Kaka yangu Walter Omwenga alijifunza upigaji picha kwa wiki tano, na kwa wiki nne kati ya hizo kamera haikuwa na filamu ndani. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani hakuwa na bidii. Kila jioni akitoka Kenyenya, ambako ni karani wa ofisi, aliipachika ile kamera kuukuu kwenye stendi ya miguu mitatu, akafumba jicho moja, akabonyeza, akavuta kikono cha kusogeza filamu isiyokuwepo, kisha akaandika kitu kwenye daftari. Sijui alikuwa anaandika nini. Labda kwamba ukuta ulitulia vizuri.

Wiki ya tano ndipo akatia filamu. Alikuwa ameagiza mikanda miwili kutoka Nairobi, kila mmoja wa picha thelathini na sita. Wa kwanza aliutia, akapiga ng'ombe mara tatu, halafu akaingiwa na wasiwasi kama kweli umekaa sawasawa. Basi akafungua mgongo wa kamera mchana kweupe ili ahakikishe. Ulikuwa umekaa sawasawa kabisa. Jua nalo likaingia sawasawa, likaunguza mkanda wote, tukabaki na mmoja.

Nitarudi kumcheka, msijali. Kwanza nieleze kwa nini mtu mzima mwenye mke na watoto wawili alijitia katika mambo haya.

Kwenye ukuta wa sebule ya Mama, kule Nyansiongo, juu kabisa karibu na dari, imeinamishwa picha ya marehemu baba yetu. Alipigwa studio mjini Kisii mwaka wa 1979, nyeusi na nyeupe, yenye ukingo mweupe kuzunguka. Ameketi. Miguu yote miwili inaonekana, mkono wa koti umevutwa juu ili saa isipotee, na kiganja kimoja kimetua juu ya redio ambayo haikuwa yake. Siku hiyo Mama naye alikuwa aende. Alikuwa ameshavaa. Ndipo ndugu za Baba wakaingia kutoka Nyaramba bila taarifa, mtu akahitajika jikoni, na studio ikampokea Baba peke yake. Mama alisema ataenda wiki ijayo. Wiki hiyo haijafika mpaka leo. Pale kando ya Baba, mahali pa Mama, huning'inia kalenda ya chama cha maziwa, na kila Januari huwekwa mpya.

Mama yetu, Edinah Nyamoita, ana miaka sabini na minne, na si mtu wa kuombaomba. Tangu nimjue ameomba kitu kimoja: picha ya kukaa pale, ifanane na ya Baba. Mwaka juzi tulimpiga kwa simu, tukaipeleka mjini ikachapishwe kubwa. Fundi wa kompyuta alitaka kutufurahisha, akamfuta makunyanzi yote, akamng'arisha, akamtia na rangi ya midomo. Mama aliishika kwa mikono miwili akauliza kwa adabu, "Huyu ni nani?" Tulipomwambia ni yeye akasema basi asante, akaiweka kabatini chini ya vitambaa vya viti.

Hapo ndipo Walter alipotangaza kwamba dawa ni filamu. Filamu haidanganyi, alisema, mtu ambaye hakuwa amewahi kuiona ikisafishwa.

Studio yenyewe ilikuwa stoo ya mahindi. Ina dirisha moja kubwa upande wa mashariki, na Walter alikaa humo Jumapili nzima akipima mwanga kwa saa, kana kwamba jua la kwetu Borabu lingebadilisha ratiba kumkomoa. Alihamisha magunia. Alitundika shuka la kijivu lililonuka dawa ya nondo. Alikata katoni ya mafuta ya kupikia, akaibandika karatasi ya fedha ya kufungia chakula, akasema inarudisha mwanga usoni. Mimi nafanya kazi kwa wakili mjini Kisii, nimezoea kusikia watu wakisema mambo ya ajabu bila kucheka, kwa hiyo nilimuuliza tu kama ile katoni ingetusaidia pia kukaangia.

"Cheka tu, Joyline," alisema. "Hii si simu. Hapa ukikosea hakuna kufuta."

Katika daftari lake aliorodhesha picha zote thelathini na sita kabla ya kupiga hata moja. Ya kwanza: Mama ameketi, saa inaonekana. Ya pili: Mama ameketi, mikono magotini. Ya tatu: Mama amesimama, miguu isikatwe. Iliendelea hivyo mpaka ya mwisho, aliyoiandikia hivi: Mama akicheka, kama atakubali. Nilisoma orodha ile nikamdhihaki, lakini sikuona jina la mtu mwingine humo hata moja, na hilo lilinigusa ingawa sikumwambia.

Tulipanga Jumapili, kwa sababu Jumamosi kwetu ni Sabato na hata kamera hupumzika. Walter alimsihi Mama asimwambie mtu. Mama hakumwambia mtu. Alimwambia mchungaji peke yake, maana kitu kama hicho utakianzaje bila maombi? Mchungaji Haron Onyiego naye hakumwambia mtu ila mkewe, na mkewe hakumwambia mtu ila akina mama wa kwaya.

Saa nne asubuhi nilipofika, nimetoka kusukwa nywele kwa saa tatu na kichwa kinaniuma vizuri, nilikuta watu kumi na watano uani. Mama alikuwa amevaa leso kiunoni, anakimbia na chupa ya chai. Gauni lake la marinda, lile alilolipiga pasi mara mbili, lilikuwa limetundikwa mlangoni likimngoja.

Mchungaji aliombea kamera. Aliiombea kwa kirefu, akaiombea na lenzi kando. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja akaketi kwenye kiti kilichoandaliwa kwa ajili ya Mama, akafungua Biblia, akamtazama Walter.

"Mchungaji," Walter alisema, "leo tuko na picha thelathini na sita peke yake."

"Hizo si ni mingi sana?" mchungaji alisema. "Piga tu."

Ungemfukuza mchungaji kwenye kiti? Walter alipiga. Kisha mchungaji na mkewe. Kisha mkewe peke yake, kwa kuwa katika ile ya wawili alihisi amefumba macho, na alitaka kuangalia. Akazunguka nyuma ya kamera akakuta ngozi nyeusi tupu.

"Picha iko wapi?"

"Iko ndani, mama mchungaji. Mpaka isafishwe Nairobi."

"Sasa nitajuaje kama nilifumba macho?"

"Hautajua."

"Basi piga ingine," alisema, na kwa kweli huwezi kumlaumu. Watu wetu wamezoea picha isiyoisha. Unapiga hamsini, unafuta arobaini na tisa, unalalamika kuhusu ile moja. Niliketi juu ya gunia nikifurahia ujinga wao kuliko chai yenyewe.

Walter alimfuata Mama jikoni. "Mama, tafadhali. Vaa gauni uje sasa hivi, kabla hazijaisha."

"Wageni kwanza," Mama alisema. Huwa anasema *abageni*, na akilitamka neno hilo hakuna rufaa. "Mtu atoke kwangu hivi hivi, amekuja na nguo yake nzuri? Bono, sasa, watasema nini? Endelea, nakuja."

Basi kwaya ikapigwa. Kwaya yote, sauti ya kwanza, sauti ya pili, halafu mwalimu wa kwaya akiwa ameinua mkono. Kila mmoja alivuta mkono wa nguo juu ili saa ionekane, na wasiokuwa na saa waliazimana ile ya mchungaji. Kila mmoja alisisitiza asikatwe miguu, kwa hiyo Walter alirudi nyuma, nyuma, mpaka akawa anapigia kutoka nje ya mlango. Saa sita akaja daktari wa ng'ombe, Fred Odoyo, mtu wa Homa Bay aliyehamia kwetu kikazi. Alikuja kumpandisha ng'ombe kwa sindano, hakuja kwa picha.

"Daktari asipigwe?" Mama alimuuliza Walter, chupa mkononi. "Ametoka mbali."

"Mama Edinah, mimi niko sawa kabisa," Odoyo alisema, huku akisimama mbele ya shuka. Alipigwa na gambuti zake, na ovaroli, na ile glavu ndefu ya plastiki. Miguu haikukatwa.

Nilimwona Walter akitazama kihesabio juu ya kamera, akitoa jasho. Nilimwonea huruma kidogo, nikachukua mandazi. Hatimaye akasimama mlangoni akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwa na adabu: "Imebaki moja. Moja tu. Ni ya Mama."

Watu waliitikia kwa heshima. Mama alinawa mikono, akaingia chumbani kubadilisha.

Walter alihitaji mtu aketi kitini ili apime mwanga na kulenga. Niliketi mimi. Aliinua katoni yake ya mafuta, akaisogeza kushoto, na lazima nikiri kwamba nilihisi mwanga ule shavuni, laini, na nikajua nimependeza. Akina mama wa kwaya walisema hivyo pia. Nilinyoosha shingo. Nikavuta mkono wa blauzi juu kidogo, saa ionekane.

Mama akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa lile gauni la marinda, viatu vyeusi, kitambaa cheupe kichwani, saa ya Baba mkononi. Alinitazama, akatabasamu kabisa.

"Joyline amependeza," alisema. "Walter, mpige huyu."

"Mama, ni moja."

"Si nimesikia. Mpige. Yeye anakuja mara moja kwa miezi mitatu. Mimi niko hapa kila siku."

Sasa nitasema lililotokea, maana nimewacheka wengine wote. Nilipaswa kuinuka. Kiti hakikuwa na gundi. Lakini nilikuwa nimesukwa asubuhi ile, mwanga ulikuwa mzuri, watu wananitazama, na mimi, niliyeketi kutwa nikicheka watu wasiojua kwamba picha huisha, niliiambia nafsi yangu kwamba nyingine itapatikana tu.

"Piga haraka, Walter," nilisema. "Hakutakosa moja ya ziada."

Mkoba wangu ulikuwa umelala magotini, unaharibu picha. Nilimnyooshea Mama, akaushika.

Walter alirudi nyuma ya kamera. Kisha akabonyeza.

Mama alinirudishia mkoba, akaketi. Alipanga marinda, akaweka viatu pamoja, akavuta mkono wa gauni mpaka saa ya Baba ikatokeza yote, akatua mikono magotini. Hakuhitaji kuelekezwa. Alikuwa amekaa hivyo kichwani mwake kwa zaidi ya miaka arobaini. Walter alivuta kile kikono, kikaenda nusu kikagoma. Alivuta tena polepole. Alibaki nyuma ya kamera, jicho moja limefumbwa, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mama," alisema, "imeisha."

"Imeisha kabisa?"

"Kabisa."

Mama aliendelea kuitazama lenzi kidogo. Halafu aliinuka, akafunga leso juu ya gauni la marinda, akauliza ni nani hajaongezwa chai.

Picha zilirudi kutoka Nairobi baada ya wiki tatu. Nilitamani ziwe zimeharibika zote. Hazikuharibika. Yule kaka yangu wa kupiga ukuta alikuwa amejifunza kweli, na mke wa mchungaji hakuwa amefumba macho hata mara moja. Hata glavu ya Odoyo imetoka vizuri. Lakini iliyo bora kuliko zote, na hili linanichoma mpaka leo, ni ile ya thelathini na sita.

Walter hakunilaumu. Aliniletea bahasha kazini, akaiweka mezani, akaondoka. Ningalimsamehe haraka zaidi kama angalinitukana.

Nilipokwenda Nyansiongo mwezi wa Desemba, kalenda ya chama cha maziwa haikuwepo ukutani. Mama alikuwa ameiondoa kabla ya mwaka kwisha. Juu kabisa, karibu na dari, kando ya Baba, nimeketi mimi, nyeusi na nyeupe, ukingo mweupe kuzunguka. Saa yangu inaonekana. Miguu haikukatwa. Fremu zinafanana, aliagiza kwa seremala kama ile ya Baba.

Nilimwambia tuishushe, Walter ataagiza mkanda mwingine, tutafunga geti, mtu asiingie. Alikubali vizuri sana, akasema tusubiri wageni wa Krismasi waishe.

Kisha jirani akaja na maziwa ya mtindi, akainua macho akasifu picha. Mama alipanda juu ya stuli, umri wote ule, ili amwonyeshe vizuri. Pembeni kabisa ya picha, karibu na ukingo, kuna kitu nilichokuwa sijakiona: kiganja cha mtu, na mkoba umening'inia.

"Huyu ni Joyline," alimwambia. Akasogeza kidole mpaka pembeni. "Na huyu hapa ni mimi."