Nani Afe Burma

Binti yangu Valarie anatengeneza filamu kwa wanasesere wa udongo. Anamsogeza mmoja kidogo, anapiga picha, anamsogeza tena, anapiga tena, na baada ya siku nyingi za kuinama ndipo askari anavuka mto. Mimi ni fundi wa nguo, kwa hivyo jeshi lote nililishonea kaptula. Ukitaka kujua uvumilivu ni nini, shona mfuko wa kaptula ya mtu wa urefu wa kidole.

Filamu yenyewe ilihusu askari wetu waliopelekwa Burma kupigania vita vya Waingereza. Tuliionyesha kwanza hapa Kaptembwo, kwenye ukumbi wa kanisa, ili majirani watupongeze kabla haijapelekwa mashindanoni Nairobi. Nilivaa vizuri kabisa.

Hawakutupongeza. Valarie alikuwa amefinyanga uso mmoja tu, wa mjomba wake Khaemba, akautengenezea kalibu na kufyatua askari wote kama matofali.

"Hii ni Burma ama ni harusi ya kina Khaemba?" akauliza Kiptanui, muuza maziwa. "Kwani sisi wa makabila mengine tulikuwa wapi?"

"Na wamama?" mkewe Chepkemboi akadakia. "Nani alikuwa analima hawa wakipigana?"

Kisha Mzee Thuo akasimama. Baba yake alikwenda Burma yeye akiwa bado tumboni, hakurudi, na hakuacha hata picha. "Nilikuja kumwona baba," akasema. "Nimeona Khaemba, Khaemba, Khaemba."

Mimi nilikasirika, maana kaptula zangu hazikuwa na kabila. Lakini Valarie aliniambia, "Wako sawa, mathe," akaivunja kalibu na kuwaita majirani waje awafinyange mmoja mmoja. Kwa kuwa watu husema Mzee Thuo amefanana na babake, alimkalisha mbele yake, akafinyanga uso wake, kisha akapitisha kidole gumba juu ya mikunjo mpaka ikaisha. Mzee akamtazama yule kijana wa udongo.

"Kumbe alikuwa mtoto," akasema. Nikajifanya natafuta sindano.

Shida ilianza hapo. Katika hadithi, askari mmoja hupigwa risasi mtoni. Zamani hakuna aliyejali ni yupi. Sasa kila mtu alimjua wake.

"Wetu hawezi kufa," Kiptanui akasema. "Watasema sisi ndio wa kufa."

"Ile ya kwanza nilikufa mimi," akasema Khaemba. "Zamu yangu imeisha."

Chepkemboi naye hakutaka mwanamke wake wa udongo afe, ingawa aliwekwa Kenya na jembe mkononi, mbali kabisa na risasi. Kiptanui akapendekeza auawe ofisa mzungu, wote wakafurahi, mpaka Khaemba akakumbusha kwamba tutaambiwa ni sisi tuliomuua. Tarehe ya mashindano ikazidi kukaribia, na binti yangu alikuwa na vita ambamo watu wote wanarudi nyumbani wakiwa wamenona. Nikawaambia kwamba wananiharibia mtoto.

"Wangu afe," akasema Mzee Thuo.

Wote tukamgeukia.

"Yeye alikufa kweli. Lakini azikwe. Hatukuwahi kumzika."

Mazishi hayakuwemo katika hadithi. Valarie alichimba shimo dogo kwenye trei ya mchanga juu ya meza yangu ya kukatia nguo, na kila mtu akaja kumsogeza askari wake mwenyewe. Chepkemboi akaleta mwanamke wake na jembe.

"Auntie, huyo yuko Kenya," Valarie akamwambia. "Hawezi kufika Burma."

"Kwa matanga atafika," akajibu, akamsimamisha karibu na kaburi.

Mzee Thuo akapewa mchanga wa kutupia, akaelezwa atupe kidogo kidogo ili kamera ishike kila hatua. Akavua kofia. Anatupa, anangoja picha, anatupa tena. Valarie alikuwa amepata picha za kutosha kitambo, lakini aliendelea kubonyeza mpaka mzee mwenyewe aliposema baba amefunikwa.