Tuta la Langoni

Gari letu la harusi, ile limo ndefu, ni magari mawili yaliyokatwa katikati na kuungwa na fundi wa kuchomea, na mteja hajui hilo. Likiwa na watu ndani halivuki tuta: tumbo linakaa juu, magurudumu yanazunguka bure. Kwa hiyo nikifika kwenye tuta nasimama, nafungua mlango kwa adabu zote, nasema, "Bibi harusi, hapa pana mwanga mzuri wa picha." Wanashuka wote, wanapozi, mimi navusha gari tupu. Miaka tisa nimeishi kwa ujanja huo na sikuwahi kuona aibu.

Siku hiyo bibi harusi alikuwa mpwa wangu. Mama yake, dada yangu wa pekee, alikuwa amelazwa, moyo umechoka, na saa nane mchana angehamishiwa hospitali kubwa. Asubuhi alinipigia simu. "Mdogo wangu, mlete nimwone na gauni lake. Huko ninakopelekwa sijui kama nitarudi." Nikamwambia aache uchuro, kisha nikamwahidi.

Aliyetuchelewesha ni mpambaji. Saa nane kasoro robo bado anabandika kope, nikimhimiza ananijibu, "Mzee, tulia, kope za harakaharaka zinadondoka." Nilitamani nimdondoshe yeye.

Njiani nilikimbiza gari kama mwehu. Kwenye matuta mawili ya kwanza niliwashusha, mpwa wangu na wasimamizi wake wanne. "Picha tena, mjomba?" aliuliza, machozi yanamlenga. Ningemweleza nini? Tuta la tatu lilikuwa langoni mwa hospitali. Sikuwa na uso wa kumshusha tena, na saa ilikuwa imefika. Nikakanyaga mafuta na watu wote ndani.

Gari likakaa juu ya tuta, hata waliposhuka wote likagoma kusogea, likaziba lango lote, hapapiti hata baiskeli. Ndani ya geti ambulensi ilikuwa inapiga king'ora ikitaka kutoka. Dereva wake akashuka amefura. "Wewe na harusi yako, toa hilo dude, nina mgonjwa mahututi." Mimi sipendi kufokewa, nikamjibu kwamba hata mimi namuwahi mgonjwa. Tukawa tunabishana pale, watu wazima na akili zetu. Mpwa wangu akatupita, akachungulia kioo cha nyuma cha ambulensi, akaanza kugonga mlango kwa viganja vyote viwili. "Mama," alisema. "Mama, ni mimi."

Muuguzi akamfungulia. Nilimwona dada akiinua mkono, akilishika lile gauni, akitabasamu chini ya barakoa ya oksijeni. Walinzi na watu waliokuja kuona wagonjwa wakaja kuninyanyulia gari, nami nimeshika bampa nalia kama mtoto. Ilichukua dakika kumi na moja. Mpwa wangu akashushwa, ambulensi ikapita.

Dada alikata roho kwenye geti la hospitali kubwa. Nilimbana daktari aniambie kama zile dakika zingemwokoa. Alisema hawezi kujua, na hakunitazama usoni.

Mpwa wangu ananishukuru mpaka leo. "Mjomba, usingekwama nisingemwona mama." Sebuleni kwake ametundika picha za matuta yale mawili. Juzi aliniuliza mbona pale langoni sikuwashusha wapige picha kama kwingine. Nilimjibu nilikuwa na haraka.