Kiazi cha Mshindi wa Pili

Inatangazwa kwa heshima zote, na kwa niaba ya vumbi lote la Ruvuma, kwamba Kajetani wa Lizaboni ndiye dereva mkuu wa mbio za magari kuwahi kutokea Songea. Wa pili kwa ukuu, kusema kweli. Wa kwanza ni binamu yake Isidori, na shida yote inaanzia hapo.

Walianza pamoja, na magari madogo chakavu yaliyong'olewa viti, wakizunguka uwanja wa udongo nyuma ya Mjimwema. Kisha Isidori akachukuliwa na timu ya Dar es Salaam. Sasa analipwa mshahara na jina lake limeandikwa mlangoni mwa gari. Kajetani alibaki na gereji, pengo la jino la mbele alilolipata alipobamiza ukingo wa uwanja, na wivu. Wivu ule ulikula, ukashiba, ukaomba tena. Hata mama yake mzazi, Hilda, aliondoa picha ya kipaimara ya Kajetani juu ya jokofu, akaweka ya Isidori na kombe.

"Ile yako ilikuwa imefifia, mwanangu," alisema.

Kajetani alikuwa na jibu moja kwa mji mzima: "Si dereva yule, ni gari. Nipeni mimi lile gari muone."

Jumapili moja Isidori alirudi nyumbani kushindana, akaja na bosi wa timu, Bi Zulfa. Ilisemekana mama huyo anatafuta dereva mwingine. Kajetani aliona njia wazi: amshinde Isidori mara moja tu, mbele ya macho ya Bi Zulfa, basi.

Kabla ya mbio, kama ilivyo desturi, padre alipita akinyunyizia magari maji ya baraka. Madereva wote waliinamisha vichwa. Kajetani, kwa uchaji wa pekee, aliinama hadi nyuma ya gari la Isidori. Mfukoni alikuwa na kiazi kitamu alichochemshiwa na mama yake asubuhi. Kilikuwa kinene kuliko bomba la moshi, akaking'ata ncha, akakishindilia ndani, akarudi mahali pake kwa wakati. Hakuna aliyeitikia amina kwa sauti kumzidi.

Isidori akamfuata na funguo mkononi.

"Shika, binamu. Kila siku unasema ni gari. Leo mimi naendesha lako, wewe langu."

"Aa, hapana, binamu. Heshima kubwa mno hiyo."

"Kaogopa," mtu mmoja akasema nyuma ya kamba, na watu wakaangua kicheko.

"Panda, kaka," akasema Bi Zulfa. "Isidori hanipi usingizi. Kila siku ananiambia dereva ninayemtafuta yuko Songea, ni binamu yake. Nataka nikuone kwenye gari letu."

Kajetani alipanda kama mtu anayepanda kiti cha kung'olewa jino la pili. Akawasha. Gari likakohoa, likafa. Akawasha tena. Likafa bila hata kukohoa.

Isidori alizunguka nyuma, akachuchumaa, akachokonoa kwa bisibisi. Alipoinuka alikuwa na kiazi.

"Watoto wa siku hizi," akasema Kajetani, akifungua midomo kidogo sana.

Hilda, aliyekuja kutazama mbio, alipenya kamba, akakichukua kile kiazi, akakigeuza. Alama za meno zilijipanga vizuri, na katikati pameachwa nafasi ya jino moja.

"Kajetani, hebu cheka."

"Mama, huu si wakati wa kucheka."

"Cheka, nimesema."

Akacheka. Hata padre alisogea kulinganisha. Bi Zulfa hakusogea, alinyoosha tu mkono kuomba funguo zake.

Kajetani akampa.

"Ni mimi," alisema. "Nimekiweka wakati wa sala. Sikutaka aumie, nilitaka achelewe tu. Mama, nilitaka ile picha yangu irudi juu ya jokofu."