Mama Muombezi Aishiwa na Maneno

Asubuhi ya upasuaji, Goretti Nerima aliketi kitandani katika hospitali moja mjini Tororo. Uvimbe wa shingoni ulikuwa umekua hadi akashindwa kulala chali. Daktari hakumficha: uvimbe utatoka, ila sauti huenda isirudi.

Na bila sauti, Goretti hakujua yeye ni nani. Alipokuwa mtoto kijijini Kiyeyi alimwogopa Mungu kama radi. Katekista akitaja moto wa milele, usiku alilala amejibanza kwa mama yake. Alipoolewa Busia akaokoka katika mkutano wa uwanjani, na hofu ile ikamtoka papo hapo. Tangu hapo akawa mama muombezi. Watu walivuka mpaka kutoka upande wa Kenya waje awaombee. Akipaza sauti, kanisa zima husimama. Wagonjwa aliwaambia daima: mwenye imani haogopi.

Sasa hofu ya utotoni ilikuwa imemrudia, tena imekomaa.

"Mama, tukuitie padri au pasta?" muuguzi aliuliza.

Binti yake, Tracy, akacheka. "Huyu? Huyu ndiye huombea mapasta."

Goretti akainamisha uso. Tangu alazwe alikuwa akijaribu kuomba, na kila mara maneno yalitoka makavu. Hilo lilimtisha kuliko kisu. Miaka yote ile, waliokuwa wakitetemeka kanisani alipoomba walimsikia Mungu, au walisikia koo lake tu?

Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mwanamke kijana, Acom, naye akingoja kupasuliwa tumbo. "Mama, niombee," alisema. "Watoto yangu bado kidogo. Naogopa."

Goretti alishuka, akamwekea mkono kichwani, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Tracy akakohoa. Acom akafumbua macho, yamemtoka.

"Mama, kwani umeona kitu mbaya?"

"Sijaona kitu, mwanangu." Machozi yakamlengalenga. "Na mimi naogopa. Naogopa mpaka sijui niseme nini."

Tracy hakuwahi kumsikia mama yake akitamka neno hilo juu ya nafsi yake. Lakini Acom alimsogezea nafasi. "Basi kaa hapa," alisema, na Goretti akakaa, wakashikana mikono hadi Acom alipochukuliwa.

Zamu ya Goretti ilipofika, walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, taa za dari zikimpita usoni. Moyoni aliuliza, "Upo?" Hakujibiwa. Akauliza tena, mlango ukafungwa nyuma yake.

Alipozinduka, koo lilimwaka moto. Alijaribu kuita, ikatoka pumzi tupu. Tracy aliinama karibu.

"Acom yuko salama, mama. Sauti yako, daktari anasema tungoje."

Goretti akamkamata mkono kwa nguvu, macho yakihaha. Tracy alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumsaidia. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuongoza sala isipokuwa mama yake.

"Nikuombee mimi? Sijui vizuri."

Goretti akaitikia kwa kichwa. Tracy akaanza, akikwama, akirudia maneno, akichanganya Kiswahili na Kisamia, lugha ya nyumbani kwao. Goretti alimsikiliza huku bado akiogopa, midomo yake ikimfuata polepole.