Kalamu ya Pembe ya Askofu

Pembe ya kulungu ikikerezwa hutoa uvundo. Ni kama jino linatobolewa kwa daktari wa meno, na kando yake nywele zinaungua. Mke wangu Lempi alinifukuza ndani ya nyumba zamani sana, mimi na kerezo langu, mashine ya kuzungushia na kuchongea, nikahamia bandani. Na kila nikirudi kula hunivua shati mlangoni kama mtoto aliyetoka matopeni. Simlaumu. Hapa Ruusila, kaskazini mwa Wisconsin, kila nyumba ina kitu cha pembe, kama si mpini wa kisu basi kifungo cha koti, kama si kifungo basi kalamu. Mtoto wa hapa huujua uvundo huo kabla hajajua sala ya chakula. Shikeni neno hilo.

Mwenyekiti wetu wa mji alikuwa Verlyn Stumpf, na alitutawala kwa pembe. Zamani alimpiga risasi dume mzee wa kulungu ambaye kila mwindaji alikuwa akimwota usingizini. Tulimwita Askofu, kwa jinsi pembe zake zilivyosimama kama kofia ya kanisani. Kichwa kikatundikwa katika ukumbi wa mji, juu ya kiti cha mwenyekiti, na tangu hapo Stumpf hakushindwa kura. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa na mashine zikapakiwa mchana kweupe, Stumpf aliwapungia mkono madereva. Watu wakanung'unika, mpaka mmoja akasema, "Lakini jamani, si ndiye aliyempiga Askofu?" Wakanyamaza. Shule ilipofungwa, ikawa vilevile. Mimi sisahau. Wenzangu husahau kila wanapoagiza bia ya pili.

Safari hii alitaka msitu. Makampuni ya mbao yalipoondoka na kutuachia visiki, babu yangu na Wafini wenzake walipanda misonobari kwa mikono yao, wakaufanya msitu kuwa mali ya mji. Humo ndimo tunamowinda Novemba. Humo ndimo tunamookota pembe theluji ikiyeyuka, maana kulungu huziangusha mwenyewe kila mwaka. Sasa klabu ya matajiri wa Chicago ilitaka kuununua na kuuzungushia uzio. Kilichobaki ni idhini yetu. Mali ya mji haiuzwi mpaka wakazi wanyooshe mikono katika mkutano wa Aprili.

Stumpf akanifuata bandani.

"Reino, ndugu yangu."

"Undugu umeanza lini?"

"Achana na hayo, bwana. Nataka utukerezee kalamu ya pembe, palepale mkutanoni, watu wakiona. Nitatia nayo sahihi ya mauzo. Wageni wa klabu wanapenda vitu vya kienyeji."

"Yaani nikereze kalamu ya kuuzia msitu unaotupa kalamu."

"Ndiyo hivyo! Umeona ilivyo nzuri?"

Nilimtazama usoni nikitafuta mzaha. Hapakuwa na mzaha. Lempi alikuwa mlangoni akinikunjia uso nikatae, lakini mimi nilikuwa na njaa yangu ya siku nyingi, ya kusikilizwa. Stumpf alikuwa amepitisha kanuni kwamba mtu akianza kusimulia historia mkutanoni, akalishwe chini. Kanuni hiyo ilinihusu mimi peke yangu.

"Nitakereza," nikasema. "Lakini kerezo likizunguka nazungumza mimi, na hakuna wa kunikalisha."

Akacheka, akanipa mkono. "Sema mpaka ukauke koo, mzee. Kerezo lenyewe lina kelele."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Kulikuwa na kahawa, keki, soseji za kulungu, na mtu wa klabu aliyevaa koti jipya la rangi ya chungwa ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Stumpf akatoa mfukoni kipande cha pembe, pembe ya kawaida ya kuokota. Hapo ndipo Gordy Plautz, mpambe wake mkuu, aliposimama.

"Hapana! Siku kubwa kama hii? Kalamu itoke kwa Askofu mwenyewe!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Tulia, Gordy," Stumpf akasema. "Askofu tumwache apumzike."

"Ana ncha tele, moja haitamuuma!"

"Ni urithi wa mji, jamani."

"Mnasikia unyenyekevu huo?" Gordy alikuwa karibu kulia. "Mnausikia?" Tayari alikuwa juu ya kiti, msumeno wangu mkononi.

Stumpf akawa mwekundu, kisha mweupe. Angeweza kuamuru, lakini aliyezoea kusifiwa hajui namna ya kuzikatiza sifa. Gordy akakata ncha moja, akaniletea kwa mikono miwili kama mkate wa altare.

Nikatazama pale ilipokatwa. Pembe ya kweli ina vitundu katikati kama mkate ulioumuka. Hii ilikuwa nyeupe tupu kama sabuni, toka ukingo hadi ukingo. Ningepiga kelele, wangesema, "Reino huyo, kaanza." Basi nikanyamaza, na anijuaye anajua ilivyonigharimu. Nikaitoboa kwa keekee, nikapachika kijibomba cha shaba kwa gundi ya kukauka upesi, nikaifunga kwenye kerezo, nikawasha, nikaanza kusema.

Nilisema vizuri siku ile. Niliwaambia habari za babu na visiki, na za kampuni iliyokata mpaka kivuli. Nikawaambia, "Huu ni msitu wa mji. Si wangu, si wa Stumpf. Ni wa wote, na cha wote hakiuzwi na mmoja." Mtu wa nyuma akauliza kama maziwa ya kahawa yamekwisha. Macho yote yalikuwa kwenye patasi. Kando yangu Stumpf alikuwa ameshikilia kiti chake, jasho linamtoka.

Bibi Hildegard Zastrow, aliyekaa mbele, alikuja amejiziba pua na leso, kama mtu mwenye akili zake. Sasa akaishusha. Akanusa. Akanusa tena, kama mbwa wa kuwindia.

"Reino," akasema, "mbona hainuki?"

"Haijapata moto, bibi," Gordy akajibu.

"Nimelala na mkerezaji mpaka nikamzika, usinifundishe. Hainuki!"

Nikazima kerezo. Safu ya mbele wakanusa, kisha ya nyuma, kisha ukumbi mzima pua juu. Kilichokuja ni harufu ya beseni lililosahauliwa karibu na jiko. Hapakuwa na unga wa pembe. Chini ya patasi palijaa nyuzi ndefu laini, na mmoja ulikuwa unaelea katika kikombe cha mtu wa klabu.

"Plastiki," mtu akasema kwa sauti ya chini.

"Plastiki!"

"Verlyn, Askofu yuko wapi?"

"Yuko salama," Stumpf akasema. "Niliwauzia klabu, siku nyingi. Wanamtunza vizuri, wana ukumbi mzuri kule. Wakanitengenezea huyu, na ukimtazama kwa mbali..."

"Nimepiga picha ya harusi chini ya ndoo ya plastiki!" Gordy akalia.

Nikapanda kiti. "Mmeona sasa? Aliuza kilichokuwa ukutani, leo anauza..." Nani ananisikiliza! Watu ambao kiwanda kiliondoka wakakikodolea macho tu, leo walikuwa wanapiga meza. Wanaume wazima walitoa machozi. Mama mmoja akamvua Stumpf kofia, akaitupa kwenye bakuli la saladi.

Karani akaita kura. Wanaotaka msitu uuzwe? Hakuna mkono ulioinuka, hata wa mke wa Stumpf. Mtu wa klabu akaondoka bila kumaliza kahawa yake.

Watu wakanijia, wakanipiga mgongoni. Nikamshika Gordy bega. "Umesikia niliyosema juu ya msitu?"

"Msitu gani?" akasema, akijifuta macho.

Nilimsimulia Lempi mpaka sahani ikapoa. "Umeshinda," akasema. "Sasa nyamaza ule." Nimeshinda! Na kama ile ncha ingekuwa ya kweli? Wangeuza mpaka makaburi, huku wameziba pua. Ile kalamu niliimalizia. Imefungwa kwa uzi katika ukumbi wa mji, na inaniuma kusema kwamba inaandika vizuri kuliko zangu.

Theluji ilipokwisha niliingia msituni na kikapu. Kwenye kijito nikamkuta mtu ameinama, anapekua majani kwa fimbo. Alikuwa Stumpf.

"Una uso gani wa kuja huku?" nikamwambia.

"Huu ni msitu wa mji, Reino," akasema taratibu. "Si wangu, si wako. Ni wa wote, na cha wote hakiuzwi na mmoja."

Neno kwa neno. Katika ukumbi ule wote, msikilizaji wangu alikuwa mmoja tu, na ndiye huyu.

Akainua pembe aliyoiokota, kubwa, bado ina unyevu. "Hii ni ya kushoto. Ya kulia hujaiona?"

Ya kulia ilikuwa kikapuni mwangu, chini ya koti.

"Sijaiona," nikasema.