Kompyuta Iliyovishwa Lavalava

Kompyuta yetu ilikuwa nzito mno. Ukibonyeza herufi, unaweza kwenda shambani kuchuma majani ya taro, ukarudi, ukaikuta herufi bado inafikiria kutokea. Nilishaipuliza vumbi, nikafuta picha za harusi za watu nisiowajua, nikaivua hata kitambaa alichoifumia Mama. Wapi! Nilitamani kuitupa baharini.

Lakini kesho yake, Jumapili, mjukuu wa kwanza wa Mama alikuwa anabatizwa Auckland, ng'ambo ya bahari, na baba yake, kaka yangu Ropati, angetuonyesha moja kwa moja kwa video. Mama alikuwa hajamwona mtoto yule sawasawa. Kila tulipopiga simu ya video, picha iliganda, na tangu azaliwe alichowahi kuona ni sikio la kushoto.

"Sikio zuri," Mama alikuwa akisema. "Lakini bibi gani anaridhika na sikio?"

Jumamosi jioni nikaketi mbele ya mashine na hasira zangu, na kwa mara ya kwanza nikayasoma maandishi madogo niliyozoea kuyaona tu. Kompyuta ilikuwa inajisasisha. Iliomba isizimwe mpaka imalize. Ilikuwa ikiomba hivyo tangu mvua za mwaka jana, maana kila jioni, ule mtungi mkuukuu wa gesi ukigongwa kuita kijiji kwenye maombi, Baba huzunguka nyumba nzima akizima swichi. Redio, feni, kila kitu. Kesho yake kompyuta inaanza upya kazi ile ile.

Mtungi ukalia. Baba akaja, kidole mbele.

"Baba, usizime. Haijamaliza."

"Hata mimi sijamaliza chai yangu." Baba ni matai, kichwa cha ukoo, na aliwahi kumtoza dereva wa mchungaji nguruwe mzima kwa kupita barabarani saa ya maombi. "Kijiji kizima kimetulia. Hiki kidude kina cheo gani?"

"Kimetulia nacho, kinafanya kazi tu."

"Ndicho nisichotaka. Saa hii hakuna kazi."

Mama ndiye aliyeinuka.

"Baba Ropati, kosa lake ni kwamba hakisali?"

"Ndiyo."

"Basi kitasali."

Akaiburuta kompyuta mpaka kwenye mkeka, waya ukafika kwa taabu, akaiketisha kati yangu na yeye. Kisha akaifunga lavalava, shuka yetu ya kiunoni, kwa sababu kwetu hakuna anayesali bila kuvaa.

"Haya. Imekaa, imevaa, na imenyamaza kuliko mwanao. Omba."

Baba aliitazama sana. Halafu akaanzisha wimbo. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, mjukuu wake, na, nilimsikia kwa masikio yangu, "huyu mvivu aliyeketi pamoja nasi leo." Nilicheka mpaka nikajifanya nakohoa.

Baada ya maombi tulikuwa tunakunywa kakao mashine ilipolia na kuwaka upya. Nikabonyeza herufi, ikatokea papo hapo.

"Unaona?" Baba akasema. "Ilihitaji kuombewa."

Nikafungua mdomo nimweleze. Mama akanifinya paja.

Jumapili, baada ya ibada, tukapiga Auckland. Baba alisema hana haja, yeye anakula palusami yake, majani ya taro yaliyopikwa kwa tui la nazi. Picha ikaja wala haikuganda. Mtoto huyo hapo, mzima mzima, pua ya Mama, analia maji yanavyomgusa kichwa. Mama naye alilia, na hakujificha. Mimi nilijisikia furaha mpaka nikaisamehe ile mashine.

Baba akaacha sahani yake. Akasogea kidogo. Akasogea tena, akatega sikio kwenye skrini amsikie mtoto, mpaka mimi na Mama tukabaki tunatazama kisogo chake.

"Baba," sauti ya Ropati ikatoka, "rudi nyuma basi. Kanisa zima huku tunaona sikio tu."

Baba hakusogea.

"Mwacheni," Mama akasema, akijifuta macho. "Na nyie mridhike na sikio."