Mgongo wa Nkungwe

Ambrosi alikuwa amechoka kabla hata hajauona mlima. Treni kutoka Usoke ilimshusha Kigoma kiuno kikimuuma, kisha mashua ikamtikisa ziwani mchana kutwa hadi Mahale, ambako binti yake Advera alikuwa askari wa hifadhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mlima wenyewe uko wapi?"

Advera alinyoosha kidole juu, kwenye mawingu. Ambrosi aliinamia mzigo wake, akajifanya anakaza kamba.

Alikuwa mrina asali anayeogopa kupanda miti. Hofu ilimwingia siku ndugu yake Elieza alipoanguka kutoka juu ya mninga, akafa mbele ya macho yake. Tangu hapo mizinga yake aliitundika usawa wa kifua, na wenzake wakamcheka. Mkewe, Josepha, ndiye aliyekuwa jasiri. Aliwahi kwenda kumtembelea Advera, akarudi na habari kwamba amefika kilele cha mlima huo, Nkungwe, na kuliona ziwa lote chini yake. Aliisimulia kwa miaka, kanisani na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Josepha alifariki masika yaliyopita, na Ambrosi alitaka kuona alichokiona mkewe.

Siku ya kwanza walipanda ndani ya msitu. Ezekia, askari mwenzake Advera, alitangulia na bunduki, akifyeka njia kwa panga. Udongo uliteleza. Ambrosi alishika mizizi, akapumzika, akashika mizizi tena. Usiku hakupata usingizi kwa jinsi mapaja yalivyowaka moto.

Kesho yake walitoka msituni wakapita kwenye mianzi, kisha nyasi tupu. Hapo mgongo wa mlima ulikuwa mwembamba, na kila upande bonde. Ambrosi alijikuta amekaa chini.

"Mama yako alipitaje hapa?"

Advera alimpa maji, akasubiri anywe.

"Hakupita, baba. Aliishia hapo hapo ulipokaa. Alilia, nikamrudisha."

"Na ziwa?"

"Nilimsimulia mimi, wakati tunashuka."

Ambrosi alitaka kukasirika, ila nguvu ya kukasirika hakuwa nayo. Alimkumbuka Josepha kwenye bani, mikono imejaa majani ya tumbaku, akipanua viganja kuonyesha ukubwa wa ziwa.

"Hakuwahi kuniambia kwamba na yeye anaogopa."

"Alisema haiwezekani nyumba moja wachekwe watu wawili."

Ezekia alikuwa amesimama mbele, akitazama pembeni kwa heshima. Hatimaye Ambrosi alipiga magoti, akaweka viganja kwenye nyasi.

"Tangulia. Nitafuata visigino vyako."

Alitambaa. Jasho lilimwingia machoni, hakuthubutu kuinua mkono kulifuta. Mara mbili alilala kifudifudi akakataa kuendelea, na mara zote mbili Advera alisimama bila kumhimiza.

Kileleni palikuwa na mawe na wingu zito. Ziwa halikuonekana. Ambrosi alikaa huku ameshika jiwe, akasubiri furaha ije. Haikuja. Aliwaza tu kwamba njia ya kushuka ni ile ile.

Alishuka kinyumenyume, Advera akiwa amemshika mkanda. Alitapika njiani. Walipofika kambini alikula ugali wa baridi huku amefumba macho, na mwanaye akamvua viatu.

"Advera."

"Naam, baba."

"Watu wa Usoke wanajua mama yako alifika juu."

"Wanajua."

"Basi na wewe usiseme zaidi ya hapo. Mimi nikiulizwa, nitasema niliishia kwenye mianzi, miguu ikanishinda. Kuchekwa nimezoea."

Akajilaza palepale nje ya hema. Ezekia akaja kumfunika blanketi.